GUNIA LILILOTUNDIKWA UKUTANI

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima. Mazungumzo ya Afisa Elimu, Sumbawanga, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya kusomwa darasani.

  Natumaini mwalimu ameiweka redio mahali ambapo hata walioketi nyuma wanasikia vizuri.

Leo tunafanya safari. Tunakwenda makumbusho kutazama maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Waitalia. Najua wapo watakaoguna. Mama mmoja atasema, "Mimi nimeanza juzi tu kuandika jina langu. Sanaa ya Waitalia yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki kabisa. Mama, liweke swali lako, usilitupe. Mwisho wa somo mtalijibu ninyi wenyewe, wala si mimi.

Kwanza chukueni madaftari mwandike maneno matatu.

Neno la kwanza ni MAKUMBUSHO. Ni mahali panapotunzwa vitu ili watu wavitazame, wakumbuke na wajifunze. Mnaona kwamba neno hili limetoka katika neno "kumbuka".

Neno la pili ni MAONYESHO. Ni vitu vilivyopangwa kwa utaratibu ili watu waje wavione.

Neno la tatu ni SANAA. Ni kazi ya mikono na akili iliyofanywa kwa ustadi. Angalieni sana neno hili. Halisemi kwamba kitu hicho lazima kiwe picha. Wala halisemi kwamba lazima kitoke Ulaya.

Makumbusho yako mahali pengi. Dar es Salaam yapo Makumbusho ya Taifa, ambayo milango yake ilifunguliwa mwaka 1940. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka, mjini Mbala katika Zambia, yapo Makumbusho ya Moto Moto. Moto Moto ni jina ambalo watu walimpa askofu Mfaransa, Joseph Dupont, zamani za wamisionari wa kwanza.

Lakini leo twende mbali zaidi, mpaka Italia. Mji tunaokwenda unaitwa Città di Castello. Semeni pamoja na mwalimu: Chita di Kastelo. Uko katikati ya Italia, katika bonde la mto Tiber. Si mji mkubwa. Kwa miaka mingi watu wa huko walilima tumbaku, na kulikuwa na mabani ya kukaushia majani yake. Wale kati yenu waliopata kufika Mpanda au Urambo wanajua bani la tumbaku ni kitu gani. Lakini mabani ya mji ule ni makubwa sana, kama maghala ya mahindi yaliyopangwa safu.

Mwaka 1966 jambo la ajabu lilitendeka katika mabani hayo. Mto Arno ulifurika, maji na matope yakaingia katika mji wa Florence, hata ndani ya maktaba yake kuu. Vitabu vingi mno vililowa. Baadhi ya vitabu hivyo vilichukuliwa mpaka Città di Castello, vikakaushwa pale pale palipokaushwa tumbaku. Ninyi mnaojifunza kusoma, ishikeni habari hii. Watu waliona kitabu kimejaa matope, lakini hawakukitupa. Walikitafutia mahali pa kukaukia.

Baadaye kazi ya tumbaku ilikwisha katika mabani yale, yakabaki matupu. Mwaka 1990 yalifunguliwa tena, safari hii yakiwa makumbusho. Kwa nje yamepakwa rangi nyeusi. Ndani yake zimewekwa kazi kubwa kubwa za mtu mmoja aliyezaliwa katika mji ule ule. Katika mji huo lipo na jumba la zamani, Palazzo Albizzini, lililofunguliwa mwaka 1981, ambamo kazi zake nyingine zimewekwa. Jina la mtu huyo ni Alberto Burri.

Burri alizaliwa mwaka 1915. Hakusomea uchoraji, alisomea udaktari. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akawa daktari wa jeshi la Italia, akapelekwa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1943 alitekwa huko Tunisia, akachukuliwa mpaka Marekani, akafungwa katika kambi ya mateka iliyokuwa Hereford, katika jimbo la Texas. Huko kambini ndiko alikoanza kuchora. Vifaa havikuwa vingi, basi akachora hata juu ya kitambaa cha magunia. Mwaka 1946 akarudi kwao. Hakurudi tena kwenye udaktari. Akawa msanii mpaka alipokufa mwaka 1995.

Sasa tuingie katika lile jumba la zamani. Tuingie polepole, tukiwa tumevua kofia. Ukutani kuna kitu kimetundikwa. Kina fremu kama picha ya harusi. Lakini ndani ya fremu hakuna bwana wala bibi harusi. Kuna gunia.

Ndiyo, gunia. Ni gunia kuukuu la nyuzi ngumu, la rangi ya udongo. Lina matundu. Limetiwa viraka, na viraka vimeshonwa kwa uzi ambao mtu anauona kwa mbali. Katika kazi nyingine, ndani ya tundu inaonekana rangi nyekundu au nyeusi.

Nasikia mnacheka. Chekeni tu, hamkuwa wa kwanza. Hata Waitalia wenyewe walicheka, na wengine walikasirika. Mwaka 1959 gunia moja kubwa la Burri liliwekwa katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa huko Roma. Ubishi ukawa mkubwa hata mjumbe mmoja wa bunge lao akalipeleka swali mbele ya serikali juu ya gunia lile. Basi mkulima wa Ufipa akisema, "Hili si gunia tu?", anauliza jambo lililoulizwa na wakubwa.

Lakini tusiondoke bado. Nawapa maswali manne ya kumsaidia mtu asimamapo mbele ya kazi ya sanaa asiyoielewa.

Swali la kwanza: Kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Hapa jibu ni rahisi, gunia na uzi na rangi.

Swali la pili: Kazi yenyewe imefanywaje? Hapa tazameni mshono. Mama aliyeshona magunia msimu wote wa mavuno ataona mara moja jambo ambalo profesa hataliona. Ataona kama sindano ilipita haraka au polepole. Ataona kiraka kipi kilitiwa kwa lazima na kipi kilitiwa kwa kupenda.

Swali la tatu: Kinanikumbusha nini? Hapa kila mtu ana jibu lake. Wengi waliotazama magunia ya Burri walikumbuka kwamba alikuwa daktari wakati wa vita. Waliona katika mshono ule ngozi ya mtu iliyopasuka na kushonwa, na katika rangi nyekundu wakaona damu. Burri mwenyewe hakupenda kueleza kazi zake. Aliwaachia watu watazame. Na wewe uliyeketi hapa Sumbawanga, gunia linakukumbusha nini? Labda mwaka wa mavuno mengi, magunia yakapangwa mpaka juu ya dari. Labda mwaka wa njaa, gunia likakung'utwa mpaka unga wa mwisho. Labda mnunuzi aliyekulazimisha kujaza lumbesa, gunia likavimba kichwa, nawe ukalipwa bei ya gunia moja. Mambo hayo yote yamo katika gunia. Nani anayejua gunia kuliko mkulima?

Swali la nne ndilo la mwisho: Je, ninakipenda? Watu wengi huanza na swali hili, ndiyo maana hutoka haraka. Ukiliuliza mwisho, unayo haki kamili ya kujibu hapana. Mtu hana deni la kuipenda kazi kwa sababu imewekwa fremu. Deni lake ni kuitazama kwanza.

Tujaribu maswali hayo kwa msanii mwingine, tuone kama yanafaa. Katika mji wa Bologna aliishi mchoraji jina lake Giorgio Morandi, aliyezaliwa mwaka 1890 na kufa mwaka 1964. Alikaa nyumbani pamoja na dada zake watatu, na chumba alicholala ndicho alichochorea. Kwa miaka mingi alichora chupa, mitungi, vikombe na makopo. Alivipanga juu ya meza, akavichora. Kisha alisogeza kimoja kidogo, akachora tena. Sasa hivi huko Bologna yapo makumbusho yenye jina lake.

Mtu atauliza, "Mitungi ile ile kila siku, hakuchoka?" Basi mjibuni kwa kutazama nyumbani kwenu. Mama anayefinyanga vyungu, akikuwekea vyungu vitano vya namna moja, wewe utasema ni sawasawa. Yeye atakuambia kipi kina shingo nzuri, kipi kimepindika kidogo, kipi kilichomwa vizuri. Jicho lake limezoea. Morandi alitaka jicho letu lizoee hivyo.

Sasa niwapeleke mahali pa tatu, ambapo hapana ukuta wala mlango. Katika kisiwa cha Sicilia kulikuwa na mji mdogo wa wakulima ulioitwa Gibellina. Mwezi wa Januari mwaka 1968 tetemeko la ardhi liliuangusha wote. Watu walikufa, na waliobaki walijengewa mji mpya mahali pengine. Mji wa zamani ukabaki hame.

Neno hilo, hame, halihitaji kufafanuliwa huku kwetu. Wazee wamesimulia juu ya tetemeko kubwa la upande wa Rukwa la mwaka 1910. Tena wengi wenu mnakumbuka miaka ya 1973 mpaka 1976, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya wakaacha mji wa baba zao, na miti, na makaburi. Mnajua mtu anavyojisikia apitapo katika hame lake akaona jiwe la kusagia limebaki peke yake majanini.

Wasanii wengi waliitwa kuupamba mji mpya wa Gibellina. Burri naye aliitwa. Alipofika hakutaka kuweka kazi yake katika mji mpya. Alikwenda kule kwenye magofu. Akashauri kwamba vifusi vya nyumba vikusanywe na kufunikwa kwa saruji nyeupe, na katikati yake ziachwe njia za kupita watu, zikifuata njia za mji wa zamani. Kazi ilianza katika miaka ya 1980, ikasimama mwaka 1989, ikamalizwa mwaka 2015, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 20. Eneo lake ni kama hekta 8. Ukisimama mbali, kilima kinaonekana kama kimetandikwa shuka nyeupe yenye mikunjo. Ukiingia, unatembea katika njia nyembamba, kuta zikikaribia kimo chako, na chini ya saruji kuna nyumba za watu.

Je, ni vizuri kulifunika hame kwa saruji? Au afadhali kuliacha majani yaote? Sitajibu. Msimamisheni mzee mmoja darasani, na kijana mmoja, wajibizane.

Sasa turudi nyumbani Ufipa. Zamani wazee wetu walikuwa mafundi wa chuma. Katika nchi yetu yamesimama mpaka leo malungu, yaani matanuru marefu ya udongo waliyoyatumia kuyeyusha mawe ya chuma. Mengine yana kimo kama cha meta 3. Watoto wachungao ng'ombe huyapita kila siku, na wengi hawajui ni nini.

Hebu tuliulize ilungu maswali yetu. Limetengenezwa kwa nini? Kwa udongo. Kazi imefanywaje? Hapa ndipo penye ustadi. Chini yake waliacha matundu, na upepo uliingia wenyewe. Urefu wa tanuru ulivuta hewa kama dohani, hata moto ukawa mkali bila mtu kupuliza mivukuto. Walilijaza mkaa na mawe ya chuma, nalo likawaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilichomwa tena katika tanuru dogo, na huko ndiko walikotumia mivukuto. Kisha mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Waliochunguza habari hizi, kama Profesa Bertram Mapunda, wameandika vitabu juu yake. Yameandikwa pia kwamba ilungu jipya liliandaliwa kwa sherehe na dawa, kama anavyoandaliwa bibi harusi.

Swali la tatu, linatukumbusha nini, hilo ni lenu.

Kazi ya kuyeyusha chuma ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya madukani yalipoenea. Mafundi wamekufa. Waliobaki ni watoto na wajukuu zao, ambao waliambiwa habari wakiwa wadogo. Nao ni wazee sasa. Udongo wa malungu unaliwa na mvua na mizizi ya miti, na jembe la mkulima linaukaribia kila msimu. Lakini maneno ya wazee hupotea upesi kuliko udongo, kwa maana mzee akifa hapabaki hata kigofu chake.

Wakulima wa tumbaku wa Città di Castello hawakuwa watu wakubwa. Mabani yao yalikuwa mabani tu. Lakini leo watu hutoka nchi za mbali kwenda katika mji huo kutazama gunia, ubao na chuma, kwa sababu mtu mmoja alivitazama kwa makini na wengine wakavitunza. Sisi gunia tunalo. Chuma tulikiyeyusha wenyewe. Chungu tunakifinyanga. Kilichokuwa kikipungua ni mtu wa kuandika. Na sasa ninyi mnajua kuandika.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni hii. Kila mtu alete darasani kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono na mtu wa kwao. Chungu, ungo, mpini, mkeka, jembe la zamani, chochote. Viwekwe juu ya meza kwa utaratibu. Kisha kila mtu aandike karatasi ndogo ya kuweka mbele ya kitu chake, kama wafanyavyo katika makumbusho. Karatasi hiyo iwe na mambo matano: jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, nani alikitengeneza, wapi, na lini. Ikiwa mwaka haujulikani, andika "kabla ya kuhamia kijijini" au "mama yangu alipoolewa". Asiyeweza kuandika yote matano, aandike mawili, mwenzake amsaidie.

Walio karibu na malungu wasiyaguse wala wasichukue udongo wake. Waende na daftari kwa mzee wa jirani, wamwamkie vizuri, wakae, wamwulize. Waandike maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya Kifipa. Na mgeni akija kutaka kununua vitu vya zamani, msimwuzie haraka haraka. Pelekeni habari kwanza kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Siku ya kutazama maonyesho yenu, yafuateni mambo haya manne, nayo ndiyo yafuatwayo katika makumbusho yoyote mtakayokwenda. Usiguse kitu bila ruhusa, maana jasho la mikono huharibu. Usipite mbio, simama mbele ya kitu kimoja kwa muda wa kutosha. Usione haya kuuliza. Wala usimcheke mwenzako kwa jibu lake, kwa sababu yeye anakumbuka mambo ambayo wewe hukuyaona.

Maswali ya kuzungumza darasani ni matatu. Moja: Kwa nini watu wa Italia walibishana juu ya gunia, nawe ungekuwa upande gani? Pili: Ni kitu gani nyumbani kwako ambacho ungependa wajukuu wako wakione, na kwa nini? Tatu: Mama yule aliyeuliza, "Sanaa ya Waitalia yanihusu nini?", tumjibuje?

Mwalimu, waache wazee waanze kusema. Katika somo lijalo tutajifunza kuandika barua ya kumwomba mtu ruhusa ya kuja kumwuliza habari za zamani. Kwaherini, na mvua isiwazuie kurudi darasani.